Kabla Hatujafa: Nani Katuandikia Orodha Hii?

Siku hizi kila kijana msomi wa mjini ana orodha yake. Utaikuta kwenye simu, utaikuta kwenye shajara, wengine wameibandika ukutani juu ya kitanda: mahali pa kufika na mambo ya kufanya kabla ya kufa. Kupanda hadi Machu Picchu kule Peru. Kupiga picha mbele ya Sfinksi ya Misri. Kuzamia na samaki wa rangi Maldives. Kupanda puto Uturuki. Kunywa kahawa kibarazani Paris huku mvua ikinyesha (kwa nini lazima mvua inyeshe mimi sijui, ila nimeikuta kwenye orodha tatu).

Sina ugomvi na mtu anayetaka kuiona dunia. Ugomvi wangu ni na orodha yenyewe. Chukua ya mwanasheria wa Mikocheni, ya mhasibu wa Nairobi na ya mhadhiri msaidizi wa Arusha, ufute majina juu, halafu uniambie ipi ni ya nani. Hutaweza. Sasa jamani, ni ndoto gani hiyo ambayo watu elfu moja wanaiota neno kwa neno?

Mtindo huu ulishika kasi mwaka 2007 ilipotoka filamu ya Kimarekani iitwayo The Bucket List. Jack Nicholson na Morgan Freeman wanaigiza wazee wawili wenye saratani wanaoamua kuzunguka dunia kabla ya siku zao kuisha. Wanafika Taj Mahal, wanafika kwenye Ukuta Mkuu wa China, na wanafika pia Tanzania. Kufanya nini? Kutazama simba. Yaani kwenye orodha ya wale wazee sisi tumo kama nyasi za kupitishia gari. Na sisi tulifanyaje? Tukaichukua orodha ile ile tukaiita yetu! Hata Serengeti, ambayo ni mali yetu, wengi wetu tumeiandika kwa sababu wao waliiandika kwanza. Mahali ambapo wao hawajapataja, kwetu hapapo.

Ndiyo maana leo nataka nikupeleke mahali ambapo sijawahi kupaona kwenye orodha ya kijana yeyote wa Dar es Salaam: Mbinga, mkoani Ruvuma, na kutoka hapo kuteremka hadi pwani ya Ziwa Nyasa. Halafu tuichukue ile orodha tuipime, kipengele kwa kipengele.

Tuanze na Machu Picchu. Watu wanatoka jasho kupanda milima ya Peru ili waone matuta ya mawe waliyoyajenga Wainka, matuta ambayo kazi yake ilikuwa kuzuia udongo usiporomoke. Ni kazi ya ajabu, sikatai. Lakini wenyewe waliondoka pale zaidi ya miaka 400 iliyopita. Sasa panda milima ya Wamatengo. Utaona miteremko mikali imechorwa vyumba vyumba kama sega la nyuki, na kila chumba kina shimo katikati. Hiyo ndiyo ngoro. Mvua zinapoelekea ukingoni, wanaume wanafyeka majani kwa nyengo na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakatokea maumbo ya mraba. Majani yakishanyauka, wanawake wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia. Pale palipolazwa majani panakuwa tuta, pale palipochimbwa panabaki shimo. Maharage yanapandwa juu ya tuta, na msimu unaofuata yanafuata mahindi. Mvua ikija kwa fujo, maji yanaingia shimoni, yanatulia na kunywewa na ardhi badala ya kuusomba mlima kuupeleka bondeni. Majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Bila saruji, bila mfadhili, bila semina elekezi.

Wamatengo walibanwa kwenye milima hiyo karne ya 19, wakati wa uvamizi wa Wangoni, na ardhi ndogo ya miteremko ikawalazimu kuitunza kwa akili. Tofauti na Machu Picchu, hapa waliojenga wapo. Unaweza kuwasalimia. Unaweza kushika jembe ukachimba ngoro moja, ukajua kiuno chako kina umri gani. Watafiti wamekuja kutoka Japani kusoma ngoro, wakaandika vitabu. Sisi tuliosoma jiografia kidato cha nne tulikariri matuta ya mpunga ya Asia.

Kahawa ya Paris? Ndugu yangu, milima hiyo hiyo inalimwa arabika, na arabika inapakiwa kwenye magunia na kwenda Ulaya. Hicho kikombe unachokiota hakuna ajuaye kama hakina punje mbili tatu za Mbinga ndani yake. Unasafiri maelfu ya kilometa kwenda kunywa kwa yuro kitu ambacho huujui hata mti wake unafananaje ukitoa maua. Ua la mbuni ni jeupe na linanukia kama asmini, kama ulikuwa hujui.

Haya, Sfinksi. Teremka sasa kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa zipatazo 66, barabara inayokunja kona juu ya kona hadi ghafla ziwa linajitandaza chini yako. Kutoka Mbamba Bay shika njia ya kaskazini hadi Liuli. Wajerumani walipofika pale waliona mwamba majini, wakauona umefanana na Sfinksi, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Unaona mambo? Hata wao waliufananisha na kitu kilichokuwa tayari kwenye orodha yao. Ila mwamba upo na ni mzuri, na hutadaiwa tiketi.

Liuli ina kisa ambacho kingekuwa cha nchi nyingine kingeshatengenezewa filamu tano. Mwaka 1892 na 1893 Wajerumani walileta meli ya mvuke, Hermann von Wissmann, ikiwa vipande vipande, kupitia mito ya Zambezi na Shire, na penye maporomoko ikabebwa na watu. Iliunganishwa na kuingia Ziwa Nyasa. Miaka ikapita. Agosti 1914 ikiwa imepandishwa ufukweni Liuli kwa matengenezo, meli ya Waingereza, Guendolen, ilitokea na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, ambaye alikuwa rafiki wa chupa wa nahodha wa Kiingereza, alipiga makasia kumfuata akifoka na kumuuliza kama amelewa. Habari za kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa hazijamfikia. Akatekwa papo hapo. Pambano hilo hutajwa kuwa miongoni mwa yale ya mwanzo kabisa ya majini katika vita nzima, na lilipiganwa wilaya ya Nyasa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga. Umewahi kulisikia? Au wewe unaijua Normandy tu?

Na samaki wa Maldives. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, mamia kwa mamia, wengi wao hawapatikani mahali pengine popote. Kwenye miamba ya ufukweni kuna wale wadogo wa buluu na njano wanaoitwa mbuna, ambao Wazungu wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Maji ni maangavu, miwani ya kuogelea inatosha. Na kwa kuwa pwani yetu ni ya mashariki, jua linazama upande wa ziwa, juu ya Malawi, kila jioni, bure. Ng'ambo ya pili, Nkhata Bay, vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni wamekuwa wakimiminika kwa miaka mingi. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale. Upande wetu utakutana na wavuvi wa usipa.

Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka na Malawi ulipopamba moto, Malawi ikishikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 kudai maji yote hadi ufukweni kwetu, na sisi tukisema mpaka uko katikati, mlikuwa wapi? Mlikuwa mtandaoni mkipiga kelele! Vijana wa Sinza na Kinondoni walikuwa tayari kwenda vitani kesho yake. "Ziwa ni letu!" Sawa, na msimamo wa katikati ya ziwa hata mimi ninao. Lakini wangapi kati ya waliotaka kumwaga damu kwa ajili ya ziwa lile walikuwa wamewahi kunawa uso kwa maji yake? Mama wa Liuli anayeteka maji pale kila asubuhi, ambaye kwa madai ya Malawi akiloweka ndoo tu amevuka mpaka, hakuhitaji kelele zetu. Alihitaji barabara, meli na hospitali yenye dawa. Barabara ya lami ya kuteremkia Mbamba Bay imekuja miaka hii tu. Meli ya Mbeya II ilizinduliwa mwaka 2021. Kwa miongo mingi kabla ya hapo watu walisubiri, na sisi wenye kalamu na vyeo, tunaoketi kwenye vikao vya bajeti na vyumba vya habari, hatukuona kinachosubiriwa, kwa sababu mtu haulizii barabara ya kwenda mahali ambako haoti kwenda.

Najua mtakachonijibu. Mtasema, "Wewe unataka tufungiwe ndani kama enzi za kuomba kibali cha kusafiri." Hapana. Sikiliza habari za Salim bin Abakari. Huyu alikuwa mtumishi wa Mjerumani aitwaye Bumiller, na alikuwemo katika msafara ule ule ulioileta meli ya Wissmann Nyasa. Mwaka 1896 akafuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia. Na aliandika safari zote mbili, kwa Kiswahili! Zimo katika mkusanyiko wa safari za Waswahili alioutoa Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1901. Mtu wa pwani, karne ya 19, kaiona Nyasa na kaiona Siberia, na kote alikwenda na macho yake mwenyewe, akiandika watu wanakula nini, wanalala wapi, baridi inafanya nini. Hakuwa na orodha ya mtu. Alikuwa mtumishi, mizigo ya bwana wake ikiwa juu yake, na bado alituandikia zaidi ya tunavyoandika sisi tuliolipia tiketi zetu wenyewe. Sisi tunarudi kutoka Dubai na picha 400 na sentensi moja: "Pazuri sana."

Mtasema pia hakuna hoteli za maana, kuna mbu, kuna kichocho. Ni kweli kuna mbu, na kichocho kipo, na kwenye midomo ya mito kama Ruhuhu kuna mamba. Lakini si mlisema mnataka vituko? Mnalipia kuning'inia kwenye kamba iliyopimwa na mainjinia juu ya daraja, mkishasaini karatasi tatu, halafu mnaogopa mbu! Upepo wa kusini ukivuma wiki nzima na mawimbi yakasimama, kuna watu wanavuka na mitumbwi kwenda kutafuta mbasa kwa sababu watoto wanadaiwa sare za shule. Wao hawaiti hiyo kuwa ni jambo la kufanya kabla ya kufa.

Suala la fedha nalo tuliseme. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Tunapanga foleni na taarifa za benki za miezi mingi, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, tunathibitisha kwamba tutarudi kwetu. Tunarudishwa, tunajaribu tena mwakani. Fedha hiyo iliyopotea dirishani ingekufikisha Mbinga kwa basi na kukurudisha, ukabaki na chenji ya kununulia kilo kadhaa za kahawa. Na hakuna ofisa wa Mbinga atakayekutaka uthibitishe kwamba una sababu ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo kama Siberia ipo kwenye orodha yako, iache ibaki. Lakini chukua kalamu, juu yake uandike Mbinga, Liuli na Mbamba Bay, kisha panga tarehe. Nenda mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, ndipo utakapokuta ngoro zinachimbwa na milima bado kijani. Basi linatoka Dar alfajiri na linafika usiku, kwa hiyo chukua blanketi, Mbinga ni baridi na watu wa joto la Dar hawaamini hadi watetemeke. Chukua fedha taslimu, chukua chandarua. Asubuhi yake ulizia gari la Mbamba Bay, ukae upande wa dirisha. Na ukifika ziwani, kabla hujavua shati, msalimie kwanza mzee yeyote utakayemkuta ufukweni akishona wavu, umuulize wanapoogelea watoto ni wapi. Yeye anajua mamba anakaa wapi.