JINA LIKIBADILIKA, KITU NACHO KIMEBADILIKA?



Ndugu wanafunzi wenzetu, mwaka huu katika darsa la fiqhi tulifika mlango wa tohara, na suala moja likatugawa makundi mawili. Khamri ni najisi. Lakini ikigeuka yenyewe ikawa siki, ni tohara na ni halali. Mmoja wetu akauliza: "Chombo ni kile kile, na kilichomo hakikumwagwa. Sasa hiyo najisi imekwenda wapi?" Tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo.

Kwa hakika swali lile halikustahiki kuchekwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipambanua baina ya mahiya, yaani kitu ni nini, na kuwepo kwake. Twaweza kufahamu pembetatu ni nini bila ya kujua kama ipo popote. Pembe zake tatu ni za lazima. Ikikosa moja si pembetatu tena. Ama kuchorwa kwa chaki au kwa wino, hilo si lazima. Hivyo basi, kila kitu kina mambo ya dhati, ambayo yakiondoka nacho kimeondoka, na kina sifa za kupita, ambazo zikiondoka chenyewe hubaki.

Wanafalsafa wa zama zetu nao wamelirudia suala hili. Mwaka 1970 Saul Kripke wa Marekani, katika mihadhara yake ya Princeton, alieleza kwamba maji kwa dhati yake ni H2O. Kitu chenye sura na ladha ya maji, lakini kisichoundwa hivyo, si maji, hata watu wote wakikiita maji.

Sasa turudi kwenye siki. Kilevi kilichomo katika khamri, kwa kazi ya bakteria na hewa, hugeuka kuwa asidi. Kile kilichoifanya khamri kuwa khamri, yaani kulevya, kimeondoka. Basi najisi haikwenda popote. Khamri yenyewe haipo tena. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ikigeuzwa kwa kutiwa kitu haitohariki, kwani kile kilichotiwa kimekwisha najisika, nacho huinajisi siki.

Huenda mtu akasema haya ni maneno matupu. La! Tazameni peremende tunazonunuliana siku ya Idi. Nyingine zina gelatini, inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na katika nchi nyingi nguruwe ni mmoja wao. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Amman, lilikataza gelatini ya nguruwe katika vyakula. Mwaka 1995 semina ya wanavyuoni na matabibu huko Kuwait ikasema kuwa najisi iliyogeuka dhati yake ni tohara, na gelatini ikahesabiwa humo. Wote wanaijua kanuni ya siki. Kinachogombaniwa ni kimoja: je, ngozi ile imegeuka dhati, au imebadilika sura tu?

Sisi si mamufti, na penye shaka tunaona ni salama kuacha. Lakini rai yetu ni kwamba hoja mbili tunazozisikia kila siku hazitoshi. Anayesema "jina limebadilika, basi ni halali" amesahau kuwa jina si dhati. Na anayesema "asili yake ni najisi, basi ni haramu daima" amesahau siki iliyomo jikoni kwao.

Wako wanaoogopa kwamba mantiki na falsafa hupoteza watu. Imamu Ghazali aliwapinga wanafalsafa vikali katika Tahafut al-Falasifa, lakini mantiki hakuitupa. Aliiweka katika utangulizi wa kitabu chake cha Usuli, al-Mustasfa. Ikiwa yeye aliihitaji, sisi ni nani tusiihitaji?

Kwa hiyo tunawaomba masheikh wetu watupangie walau kipindi kimoja cha mantiki kila wiki. Nasi wanafunzi, kabla ya kusema "hiki ni kile kile" au "hiki si kile tena", tujiulize kwanza: kilichoondoka ni dhati, au ni sifa ya kupita?

Wabillahi tawfiq.