Mgeni Hana Deni

Kila mwaka wanafunzi wapya wafikapo na masanduku yao katika shule zetu za bweni, lile neno la zamani husikika tena: "Na sisi tulifanyiwa." Kwa neno hilo mtoto wa miaka 13 huamshwa usiku apime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti. Kwa neno hilo huteka maji ya kuoga ya mkubwa wake, na sukari aliyofungiwa na mama yake huliwa mbele ya macho yake. Mimi nasema neno hilo si hoja. Mtu akikopa shilingi zako asizilipe, huendi kumdai mpita njia. Aliyekuonea wewe amekwisha maliza masomo, labda leo ni karani au mwalimu. Huyu mgeni hana deni lako.

Yafaa kwanza tujue uonevu ni nini, maana wengine husema ni mzaha tu. Mtaalamu Dan Olweus, aliyefanya kazi yake Norway, alifundisha alama tatu: jambo lifanywe kwa kusudi la kuumiza, lirudiwe mara kwa mara, na anayefanyiwa asiwe na nguvu za kujitetea. Marafiki wakitaniana wote hucheka, na kesho zamu hubadilika. Katika uonevu zamu haibadiliki. Wanaouita mzaha wangefanyiwa wao wasingecheka: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wapo wasemao kwamba mateso hukomaza. Sikubali. Shamba hukomaza, na mpira, na hesabu ngumu. Mgeni anayeonewa hujifunza mambo mawili tu: kunyamaza, na kungoja mwaka wake wa kuwaonea wengine. Tena tukumbuke sheria. Hapa Uganda, Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 yamkataza hata mwalimu kumpiga mtoto shuleni. Ikiwa mwalimu hana ruhusa, mwanafunzi mwenye mkanda ameipata wapi?

Wengine watasema desturi hii haiondoki. Huko Norway, mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu walijiua, na ilidhaniwa kwamba sababu ni kuonewa na wenzao. Mwaka 1983 ikaanza kampeni katika shule za nchi nzima. Olweus aliwafuata wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen, na baada ya miaka miwili uonevu ulipungua kwa nusu hivi. Hawakuleta askari. Walimu walisimama uwanjani wakati wa mapumziko, kila darasa likaweka kanuni zake na kukaa kuzizungumza, na mwonevu akaitwa pamoja na wazazi wake.

Kwetu sisi naona uonevu huishi kwa watazamaji. Mwonevu ni mmoja au wawili. Wanaocheka vitandani ni ishirini. Asipopata kicheko, mchezo wake humwishia. Basi, ndugu zangu, kwanza tusicheke. Pili, mmoja wetu ainuke amwite yule mdogo, "Njoo huku," ampe nafasi ya kukaa. Tatu, habari ifike kwa mwalimu wa bweni. Najua wengine watauita huo uchongezi. Lakini mchongezi hutaka mwenziwe aadhibiwe. Anayeita msaada hutaka mwenziwe aokoke. Na viranja hawana budi kutuonyesha njia: kila mmoja ateke maji yake mwenyewe.

Nanyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, twafurahi sana mnapotutembelea. Walakini mkituhadithia jinsi mlivyowatesa wageni, na ukumbi mzima ukacheka, wavulana walioketi nyuma hupata somo ambalo mwalimu hawezi kulifuta ubaoni kesho yake. Tuhadithieni habari za yule mkubwa aliyewaonyesha njia ya bwalo siku ya kwanza, akawazuia wenziwe wasiwaguse. Bila shaka alikuwapo, na jina lake hamjalisahau.

Mwanafunzi wa Senior VI