Malezi Yetu: Tabia Njema Darasani

Asubuhi pale Njoro, mjini Moshi, watoto hufuatana kwenda shule hali mlima wa Kibo umewasimamia. Alasiri wengi wa watoto wa Kiislamu huchukua juzuu zao wakaelekea chuoni. Mtoto mmoja basi yu chini ya walimu wawili kwa siku moja, na jioni yu chini ya wazazi. Twauliza: katika siku hiyo nzima, yuko aliyemwambia kuwa amefanya jema?

Swali hili si dogo. Desturi yetu ni kumwona mtoto anapokosa. Akitulia na kusikiliza, hatusemi neno. Akimsukuma mwenziwe, twamtaja jina kwa ukali mbele ya wote. Mtoto apendaye kutazamwa hujifunza upesi kuwa njia ya kutazamwa ni fujo.

Wako wasemao kwamba dawa ni fimbo. Kanuni za nchi za mwaka 2002 ziliweka mpaka: viboko visizidi 4, kwa kosa kubwa tu, kwa mkono wa mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini kwa maandishi. Mpaka ukivukwa, hasara haina fidia. Agosti 2018, huko Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni akidhaniwa ameiba mkoba wa mwalimu.

Sisi tunao mfano ulio bora. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Muawiya bin Hakam alisema maneno ndani ya sala, kwa kutojua. Watu wakamkazia macho. Sala ilipokwisha, Mtume (s.a.w.) hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana, alimweleza tu kuwa sala si mahali pa mazungumzo ya watu. Muawiya mwenyewe alishuhudia kuwa hakupata kuona mwalimu bora kuliko huyo.

Basi mwalimu na afanye hivi. Aweke masharti machache, na watoto wayajue tangu siku ya kwanza. Aonapo jema, alitaje lenyewe palepale: "Umemngojea mwenzio amalize kusoma, umefanya vyema." Sifa ya namna hiyo humwonyesha mtoto la kurudia, lakini sifa ya uongo huitambua akaidharau. Kosa alionye kwa faragha, maana aliyeaibishwa mbele ya wenziwe hutafuta kulipiza, si kutengenea. Wala asimsahau mtoto mnyamavu wa benchi la nyuma. Huyo huweza kumaliza mwaka pasipo kusikia neno jema hata moja.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo msianze kwa kumwuliza kama amepigwa. Mwulizeni: "Leo umemsaidia nani?" Aulizwaye hivyo kila jioni ataingia darasani kesho akitafuta jibu.

Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu, na atupe sisi subira ya kuwalea. Amin.