Umdhaniaye Ndiye Kumbe Siye: Sifongo, Vinasaba na Somo la Ngeli

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa umdhaniaye ndiye kumbe siye. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huitumia methali hii tunapohakiki wahusika wa riwaya na tamthilia. Katika makala hii nakusudia kuipeleka mahali ambapo si desturi yetu kufika: chini ya bahari, kwa mnyama aitwaye sifongo. Huenda msomaji akauliza, mwanafasihi na sifongo, wapi na wapi? Namwomba anistahimili. Kisa cha wanasayansi kumpanga mnyama huyu, kumpangua na kumpanga upya kwa ushahidi wa jeni ni kisa cha uainishaji, na uainishaji ni taaluma yetu pia. Msimamo wangu ni kwamba sura si nasaba, na kwamba anayeainisha kwa sura peke yake hukosea kwa gharama kubwa.

Wengi wetu humjua sifongo kwa kazi ya bafuni, na tukimtaja dukani humwita kama kifaa: sifongo hii, sifongo zile. Hapa nitampatanisha kwa A-WA kwa kuwa ni mnyama hasa. Hana mdomo wala tumbo, hana moyo wala neva. Hujishikiza kwenye mwamba, akayavuta maji kupitia vitundu vidogo mwilini, akachuja chakula chake, kisha akayatoa maji hayo kupitia tundu kubwa. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa mmea. Mskoti Robert Grant ndiye aliyechunguza mkondo huo wa maji kwa hadubini katika miaka ya 1820, na mnamo 1836 kundi hili likapewa jina Porifera, yaani wenye vitundu. Leo spishi zinazotambuliwa zimepita 9,000.

Je, spishi hizo zipangwe vipi? Umbo la nje halitegemeki, maana sifongo wa spishi moja aweza kusimama wima penye maji matulivu na kutandaa kama mkeka penye mawimbi. Kwa hivyo wataalamu waliitegemea mifupa yao, ikiwa neno mifupa litaruhusiwa: miiba midogo mno, mingine ya chokaa, mingine ya madini kama ya kioo. Kilele cha kazi hiyo kilikuwa Systema Porifera, kitabu kilichohaririwa na John Hooper na Rob van Soest na kuchapishwa mwaka 2002, chenye zaidi ya kurasa 1,700. Hata hivyo, kabla wino wake haujakauka, ushahidi wa jeni ulikuwa umeanza kuyatikisa mengi yaliyomo.

Mwanafunzi yeyote wa sarufi aweza kuelewa kilichotokea. Chukua nomino kiboko, kifaru na kijana. Ukizitazama kwa viambishi vyake utaziweka pamoja na kiti na kisu. Lakini ziingize katika sentensi: kiboko yule amelala, wala si kiboko kile kimelala. Upatanisho wa kisarufi unafichua uhusiano ambao kiambishi kimeuficha. Ndiyo maana shuleni nchini Kenya tunafundisha ngeli ya A-WA badala ya kusimama kwenye umbo la M-WA. Miiba ya sifongo ilikuwa viambishi. Jeni ndizo zilizoonyesha miiba hiyo inapotosha wapi.

Nazo jeni huonyeshaje nasaba? Hapa naomba tuwafikirie wanukuzi wa tenzi za kale kwa hati za Kiarabu. Kila nakala ilipoandikwa upya, makosa machache yaliingia. Mhakiki anayekuta nakala tatu, mbili kati yazo zikiwa na makosa yaleyale mahali palepale, hukata shauri kuwa mbili hizo zimetokana na chanzo kimoja. Vinasaba, yaani DNA, navyo hunukuliwa kizazi baada ya kizazi, na mabadiliko madogo hurithishwa. Sifongo wanaoshiriki mabadiliko mengi yasiyopatikana kwa wengine huhesabiwa kuwa wa ukoo mmoja, hata ikiwa kwa macho hawafanani.

Matokeo yamekuwa ya kushangaza. Kulikuwa na oda iliyoitwa Lithistida, ya sifongo ambao miiba yao hufungamana hata mwili ukawa mgumu kama jiwe. Ugumu huo ulionekana kuwa kitambulisho tosha. Jeni zilipochunguzwa, ikadhihirika kuwa wanatoka katika koo mbalimbali. Ugumu haukuwa urithi wa babu mmoja. Kwa upande mwingine, kuna sifongo waitwao Homoscleromorpha, waliokuwa wamewekwa ndani ya kundi kubwa la Demospongiae. Mwaka 2012 walipewa ngeli yao wenyewe, na idadi ya ngeli za sifongo ikawa nne pamoja na Calcarea, Hexactinellida na hao Demospongiae. Mwaka 2015 Christine Morrow na Paco Cárdenas waliipanga upya Demospongiae yote katika oda 22, na baadhi ya oda mashuhuri zikafutwa. Msomaji ameona kuwa nimetumia neno ngeli. Sikulibuni: wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili hulitumia kwa daraja hiyohiyo ya viumbe, kama wanavyotumia faila, oda, familia, jenasi na spishi.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mabishano ya maabara yasiyomgusa mwananchi. Sikubaliani naye. Katika miaka ya 1950 Werner Bergmann na wenzake walieleza kemikali walizozipata katika sifongo wa eneo la Karibi, Tectitethya crypta. Utafiti huo ulifungua njia ya kutengenezwa kwa sitarabini, dawa inayotumika kutibu saratani ya damu hadi leo. Sifongo wa Japani, Halichondria okadai, ndiye aliyewapa wanakemia mfano wa kuundia eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Anayetafuta dawa nyingine ya aina hiyo hutazamia kuwachunguza jamaa za sifongo huyo kwanza. Akielekezwa kwa jamaa wasio jamaa, ataipoteza miaka na fedha bure.

Isitoshe, kuna suala la hifadhi. Chondrilla nucula alielezwa kwanza kutoka Bahari ya Mediterania, kisha jina lake likatumiwa kwa sifongo wa bahari nyingi zilizo mbalimbali. Uchunguzi wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chini ya jina hilo moja zilijificha spishi kadhaa. Tafakari maana yake: ikiwa spishi tano zimeandikwa kama moja, nne zaweza kutoweka na daftari likaendelea kusema kuwa yupo.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kuwa ninaitawaza jeni kuwa hakimu asiyekatiwa rufani. Mwili wa sifongo ni nyumba yenye wapangaji wengi. Bakteria waishio ndani yake huweza kuwa sehemu kubwa ya uzito wake, na mtafiti asiyekuwa mwangalifu atasoma vinasaba vya mpangaji akidhani ni vya mwenye nyumba. Aidha, jeni mbalimbali zaweza kutoa ushahidi unaokinzana. Mfano mkubwa ni swali la nani alijitenga kwanza katika ukoo wa wanyama wote. Wengi walimtaja sifongo. Mwaka 2008 uchunguzi wa jeni nyingi uliwataja tenofora, viumbe laini waogeleao kwa safu za vinyweleo, na mwaka 2023 uchunguzi wa mpangilio wa jeni kwenye kromosomu uliunga mkono rai hiyo. Wengine bado wanamtetea sifongo. Vilevile, jeni bila mwili uliohifadhiwa makumbushoni ni kama nukuu isiyo na kitabu. Kwa hivyo mwenye hadubini na mwenye vinasaba wanahitajiana, kama vile mofolojia na sintaksia zinavyohitajiana.

Mambo haya yanatuhusu pia kwa jirani. Sifongo wa Zanzibar walielezwa na Robert von Lendenfeld mwaka 1897, kwa Kijerumani. Mkusanyo mwingine wa sifongo wa Afrika Mashariki ulielezwa na Gustavo Pulitzer-Finali mwaka 1993. Huko Jambiani, Unguja, wanawake hufuga sifongo kwenye kamba baharini na kuwauza. Mfugaji huyo huzungumza Kiswahili kitwa kucha. Elimu juu ya nasaba ya mifugo yake imeandikwa kwa lugha nyingine.

Nilipolitaja jambo hili katika semina, mwenzangu mmoja aliniambia kwa upole kuwa Kiswahili hakina maneno ya kulibeba. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo kwa makala hii: jeni, vinasaba, spishi, oda, ngeli, hadubini, bakteria. Hakuna nililolifinyanga usiku huu. Upungufu si wa msamiati; ni wa waandishi. Sisi tulio na lugha tumeiogopa sayansi, nao walio na sayansi hawakufunzwa kuiandika kwa lugha hii.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, walimu wetu wanapofundisha mgogoro wa uainishaji wa ngeli, wamtumie sifongo kuwa mfano, ili mwanafunzi ajue kuwa swali la umbo na uhusiano si letu peke yetu. Pili, chama chetu kiwaalike wanafunzi wa biolojia waandike nasi katika jarida hili, wao walete ushahidi nasi tulete lugha, kila mmoja amsahihishe mwenziwe.

Waliotunga Systema Porifera hawakuaibika kazi yao iliposahihishwa. Baadhi yao walishiriki katika kuisahihisha. Huo ndio uungwana wa kitaaluma ninaoutamani hata katika mijadala yetu ya ngeli, ambako mara nyingi tunaitetea orodha tuliyoikariri kana kwamba iliteremshwa. Anayeainisha na awe tayari kuambiwa kuwa aliyemdhania ndiye, siye.