Tupime maana kabla ya kumwita mtu mchawi

Katika Kiswahili ni maneno machache yanayotamkwa kwa wepesi kama neno uchawi, na machache zaidi yenye uwezo wa kumtoa mtu roho. Mwanafunzi anayeficha karatasi za mitihani iliyopita ili wenzake wasizione huitwa mchawi, na darasa zima likacheka. Mshambuliaji anayewachenga walinzi watatu na kufunga bao huitwa mchawi wa kabumbu, naye akajivunia sifa hiyo. Mwanasiasa aliyeangushwa katika uchaguzi hulalamika kwamba eneo lake limejaa wachawi wa maendeleo. Kisha ajuza wa miaka themanini huitwa kwa jina hilo hilo kijijini kwake, na kabla ya macheo nyumba yake imekuwa majivu.

Sisi tunaofundisha lugha hatuwezi kudai kwamba hayo ni ya polisi na machifu peke yao. Neno likiwa silaha, mwalimu wa lugha ana wajibu wa kueleza jinsi linavyofanya kazi.

Tuanze na umbo lake. Kiambishi u- katika Kiswahili huunda nomino dhahania za aina mbili ambazo aghalabu hatuzitenganishi. Kuna majina ya kazi, mathalani ualimu, uvuvi, uhunzi na uganga. Kuna pia majina ya hali au tabia, kama vile uovu, ujinga na ukatili. Uchawi umesimama mpakani. Je, ni kitu atendacho mtu au ni kitu alicho? Mvuvi akiacha kwenda baharini uvuvi wake umekwisha. Mchawi, kwa mujibu wa wanaomtuhumu, hawezi kustaafu. Hata akilala usingizi uchawi wake unasemekana kutembea. Mahakama hupima vitendo, kwa kuwa vitendo vina mashahidi. Kijiji hupima hali, na hali haina ushahidi wala utetezi.

Kitenzi chake ni kuroga, au kuloga kwa matamshi mengine, na hapa ndipo historia inapotamanisha. Mzizi huu ni wa kale sana katika lugha za Kibantu. Wakikuyu wana murogi, Wakisii wana omorogi, Waluhya wana omulosi na Waganda wana mulogo. Kiswahili chenyewe kina mlozi, neno lililotokana na kuloga kwa kanuni ile ile inayotupa mtunzi kutoka kutunga na mjenzi kutoka kujenga. Neno mchawi lina jamaa zake kwa majirani Wamijikenda, wanaosema mutsai na utsai. Waarabu nao walituletea sihiri.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karibu kila jamii ilimtenga mwenye kudhuru na mwenye kuponya. Mswahili ana mchawi na mganga. Mkamba ana muoi kwa upande mmoja na mundu mue kwa upande wa pili. Mjaluo hamchanganyi jajuok na ajuoga, ijapokuwa majina yote mawili yana mzizi mmoja. Mpaka huo haukuwa imara sikuzote, kwani aliyejua kulitegua tego alishukiwa kujua kulitega, lakini ulikuwapo.

Wakoloni waliuvuruga. Lugha yao ilikuwa na neno moja lililounganisha mchawi na tabibu, na neno hilo likaingizwa katika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, Sura ya 67 ya sheria za Kenya. Sheria hiyo inamwadhibu anayejitia kuwa na uwezo wa kichawi wa kuwatisha au kuwadhuru watu. Inamwadhibu vilevile anayemsingizia mwenzake uchawi, isipokuwa awe ameyapeleka madai yake kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Uchawi wenyewe ni nini, sheria haisemi! Imetumia neno ambalo haikulifasili, ikawaachia mahakimu kazi ya kukisia.

Neno hilo lisilo na fasili lilikuwa na faida yake kwa watawala. Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi za kulazimishwa mwaka 1913, akiwalisha watu viapo pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakuu wa serikali hawakumhesabu kuwa kiongozi wa siasa. Walimwona mchawi na mchochezi, wakamkamata na kumpeleka Kisii, mbali na kwao. Hii ni matumizi mengine ya neno letu: humwondolea mpinzani hoja zake, kwa kuwa hakuna anayejibu hoja za mchawi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Mzungu ndiye aliyetuletea mauaji. Mwaka 1932 Mahakama Kuu iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyeamini kuwa amemroga mtu. Adhabu hiyo baadaye ilipunguzwa. Wao waliona wametekeleza sheria ya jamii yao. Mahakama iliona mauaji ya kukusudia. Pande hizo mbili zilitumia neno moja pasipo kukubaliana maana.

Wanafunzi wangu huniuliza kama mimi naamini uchawi. Huwajibu kwamba kazi yangu ni kuchunguza sentensi, na sentensi inayonishughulisha zaidi ni hii fupi: amerogwa. Hiyo ni kauli ya kutendwa, nayo hudai mtenda hata asipotajwa. Tukisema mgonjwa ameugua, maelezo yanaweza kuishia hapo. Tukisema amerogwa, sikio linangoja “na nani?” Na jibu haliwezi kuwa mbu wala maji machafu, kwa maana kitenzi kuroga hakikubali mtenda asiye na nia. Lazima apatikane mtu. Tena mtu huyo hatafutwi mbali, kwani wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Atakuwa mke mwenza, shangazi, jirani wa mpakani au baba mkubwa.

E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande wa kusini mwa Sudan na kuchapisha kitabu chake mwaka 1937, alieleza jambo hili kwa mfano wa ghala. Mchwa hula nguzo, ghala likawaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Waazande walijua vyema kazi ya mchwa. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ile, juu ya watu wale. Kwa hiyo wanaosema kwamba elimu ya sayansi pekee itafuta imani hii wanajibu swali ambalo halikuulizwa. Daktari anaweza kutaja kijidudu kilichomuua mtoto. Mama anauliza kwa nini ni wake.

Swali la mama huyo ni la haki, na sioni fahari kulicheka. Balaa huanza anapotokea mtu wa kumpa jibu lenye jina. Mwezi Mei 2008 watu 11 waliteketezwa huko Kisii, wanane kati yao wanawake. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani, katika kaunti hiyo hiyo. Kilifi nako wazee wamewindwa kiasi kwamba baadhi yao huzipaka mvi rangi nyeusi, na huko Ganze kumekuwa na kimbilio la Kaya Godoma kwa waliotishiwa maisha. Usukumani, nchini Tanzania, macho mekundu ya mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote yalifanywa ushahidi. Mvi, makengeza ya uzee na moshi wa jikoni! Ukichunguza zaidi, mara nyingi hukosi shamba ambalo vijana walikuwa wakilingoja. Husuda, ambayo zamani ilisemwa kuwa ndiyo chemchemi ya uchawi, sasa imo upande wa mshtaki.

Wapo wanaoitetea damu hiyo kwa maandiko, hasa Kutoka 22:18. Hao ningewashauri wawasikilize wafasiri kwanza. Neno la Kiebrania lililo hapo ni la jinsia ya kike. Wale waliofasiri kwa Kiyunani cha kale walitumia neno linalohusu watumiaji wa dawa, ambalo ni jamaa wa neno letu famasia. Nasi Waswahili tunajua jinsi neno dawa linavyoweza kumaanisha kidonge cha hospitali au kitu kilichofukiwa mlangoni. Kujenga hukumu ya kifo juu ya neno lililopita lugha zote hizo ni ujasiri wa kutisha.

Nafunga na lawama kwa wenzetu wa vyombo vya habari, na kwa walimu wanaozikubali insha zilizoiga mtindo wao. Wazee wakiuawa, kichwa cha habari husema “washukiwa wa uchawi wateketezwa.” Mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kutenda kosa. Basi aliyeuawa amepewa nusu ya hatia, na waliomuua hawamo kabisa katika sentensi, kwa kuwa kauli ile ile ya kutendwa iliyomdai mtenda katika amerogwa sasa inamficha katika wateketezwa. Iandikwe: wanakijiji wamewaua wazee wanne waliosingiziwa uchawi. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakipewa sentensi hizo mbili ubaoni, waulizwe katika kila moja ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa. Zoezi hilo halizidi dakika kumi.