Lugha Yetu: Nani Ameandaa?

Andazi ulilokula kwa chai asubuhi ya leo na maandalizi ya harusi uliyoalikwa mwezi ujao ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni kitenzi andaa. Kama zaa inavyotupatia zalia na mzazi, ndivyo andaa inavyotupatia andalia na andazi. Na kutokana na andalia tukapata maandalizi.

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939, inalihusisha neno hili hasa na mambo ya chakula: kukipika na kukipanga mahali pa kulia. Kutoka jikoni neno limetembea likafika shambani, shuleni na mkutanoni, lakini halikuiacha maana yake ya asili, yaani kuweka mambo sawa kabla ya saa yake kufika.

Tuchukue mfano wa Nsemulwa, kata ya mjini Mpanda, mkoani Katavi. Huko mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mkazi wa mjini mwenye shamba nje ya mji akisema, “Nimeandaa shamba,” hana maana kwamba jembe lipo nyuma ya mlango. Ana maana kwamba pori limefyekwa na ardhi imelimwa. Asipofanya hivyo kwa wakati, hakuna mvua za vuli wala za masika zitakazokuja baadaye kumfuta machozi.

Hapo ndipo andaa inapoachana na tayari. Kuwa tayari ni hali, ambayo hata mtu aliyeketi kitako anaweza kujidai kuwa nayo. Kuandaa ni kazi, na kazi huonekana kwa macho. Kiongozi akitangaza kwamba maandalizi yanaendelea vizuri, mwananchi ana haki ya kuuliza: ni kipi kilichokwisha kufanyika? Na anayesema “maandalizi ya kabla” hatuna budi kumwuliza ni maandalizi gani yafanyikayo baada ya shughuli.

Lakini kosa kubwa zaidi limo majumbani mwetu. Baba hutoa fedha za sikukuu, kisha wageni wakifika husema kwa kifua mbele, “Karibuni, nimewaandalia karamu.” Kwa haki ya lugha, huyo amegharimia. Walioandaa ni mama na mabinti waliochambua mchele usiku na kuamka alfajiri kuwasha moto. Nao mara nyingi hula mwisho, chakula kikiwa kimepoa. Hata tukisema “chakula kimeandaliwa”, tumemficha mwenye kazi, kana kwamba sufuria ilijipika yenyewe.

Kusema “mama ameandaa, nami nimegharimia” hakumpunguzii baba heshima hata chembe. Tena humfundisha mtoto wa kiume kwamba jambo lililokuja kwa urahisi lilitaabikiwa na mtu. Na mtoto huyo asisubiri sikukuu ili ajifunze kitenzi hiki. Kabla ya kulala, sare yake na ipigwe pasi na madaftari yake yapangwe kwa mikono yake mwenyewe. Kesho asubuhi atakuwa na haki ya kusema, “Nimejiandaa.”