Ushairi wa Kifaransa Haukupungukiwa Mizani

Nimechoka kuwasikia malenga wenzangu wakidai kwamba ushairi wa Kifaransa una mizani pungufu. Kilichopungua ni hesabu yao. Chukueni maneno une belle dame. Kinywani mwa mtu wa Paris leo ni silabi 3 tu. Yakifunga mshororo wa kimapokeo huwa 5: u-ne-bel-le-dame. Ile e hafifu huhesabiwa ikifuatwa na konsonanti. Huachwa mbele ya irabu au mwishoni mwa mshororo. Kwa kanuni hiyo Racine alitimiza silabi 12 katika mishororo ya tamthilia yake Phèdre, mwaka 1677, kituo kikiwa baada ya silabi ya sita.

Kosa la pili ni mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno; Wafaransa huupeleka mwisho wa fungu zima la maneno. Katika un ami, mkazo uko kwenye mi. Ongezeni fidèle, nao unahamia dèle.

Sisi tunaomlaumu mtunzi kwa mizani moja iliyozidi hatuna udhuru wa kupima nafaka ya wenzetu kwa kibaba chetu. Jifunzeni kwanza kuhesabu, ndipo mtoe hukumu.